Siku Turfa Alipozuia Torati

Turfa alikuwa mpambaji wa maharusi mjini Fustat, mjane ambaye vidole vyake havikutoka hina mwaka mzima. Zilibaki wiki tatu ampambe binti yake mwenyewe, Munya, pale Abu Sahl, baba wa bwana harusi, alipokuja kuvunja posa.

"Sisi ni ukoo wa makuhani, bibi," alisema akiwa bado mlangoni. "Ninyi nasikia ukoo wenu wote ni Wakhazari, mmeingia dini juzijuzi. Kuhani haoi huko."

"Nani kakwambia?"

"Mtazame binti yako mashavu, mapana kama ya Wakhazari."

Munya aliyasikia yote. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua asili yao: marehemu mume wa Turfa alisema Babeli, mama mkwe akisema Khazaria. Jirani alimshauri ashtaki kwa kadhi wa Waislamu. Turfa alikataa. Kwa kadhi Abu Sahl angetozwa faini, yakaisha. Yeye alitaka aumbuke mbele ya watu wanaombusu mkono.

Siku ya Sabato sinagogini, Torati ilipotolewa tu isomwe, Turfa alisimama kwenye roshani ya wanawake.

"Nazuia! Haisomwi mpaka nisikilizwe."

Hiyo ilikuwa haki ya kila aliyedhulumiwa. Msomaji akaifunika Torati.

"Abu Sahl, kwenye karamu ya posa ulitusimulia mama yako alivyotekwa na maharamia akiwa mwari, akakombolewa Iskandaria. Kweli, si kweli?"

"Kweli! Mji mzima ulimchangia," alijibu kwa fahari ileile ya siku ya karamu.

"Na kuhani anaruhusiwa kuoa mateka?"

Mzee mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa shuka yake ya sala. Hakimu wa jumuiya, aliyeketi mbele, akamgeukia Abu Sahl.

"Unao mashahidi kwamba hakuguswa?"

"Wa... walishakufa, mheshimiwa."

"Basi baba yako alioa mwanamke asiyeruhusiwa kwa kuhani, na mtoto wa ndoa hiyo hahesabiwi kuhani. Wewe si kuhani, wala wanao."

Makuhani walipoinua mikono kubariki watu, Abu Sahl aliinama chini ya mikono hiyo pamoja na wauza vitunguu na watu wengine wa kawaida.

Sabato ilipokwisha alibisha kwa Turfa, mwanawe nyuma yake.

"Mama Munya, kizuizi hakipo tena. Sisi si makuhani. Waache watoto waoane."

"Nilitaka kukuona umeinama. Nimekuona. Nenda."

"Mama," Munya alisema kutoka ndani, "mimi bado namtaka."

Turfa akaufunga mlango, akateremsha komeo.