Sentensi Niliyoikata

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilijiona ninakijua Kiingereza. Mchana nilifundisha sekondari. Saa kumi na moja jioni nilifundisha watu wazima katika darasa la kuazima, kwenye shule moja ya msingi pale Kikuyu, mjini Dodoma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa: maduka yamejaa sabuni, mitumba imetandazwa kila kona, na mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Maofisini watu waliogopa kupunguzwa kazini. Uvumi ulisema atakayejua Kiingereza ndiye atakayebaki, kwa hiyo makarani, madereva na wahudumu walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani.

Kati yao alikuwamo mama mmoja mhudumu wa ofisi, mjane, mzaliwa wa Busi kule Kondoa. Kwao walisema Kirangi, na hata Kiswahili alikipatia ukubwani. Tukikutana barabarani nilimwamkia shikamoo. Darasani yeye ndiye aliyesimama nilipoingia, na sikuwahi kumwambia akae.

Wiki moja nilifundisha kitenzi "miss". Nilikiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikaeleza: ukichelewa basi likaondoka, ni "miss". Ukimrushia ndege jiwe lisimpate, ni "miss". Usipofika darasani, ni hiyo hiyo. Na mtu wako akiwa mbali ukawa unatamani kumwona, nayo ni "miss".

"Sasa mwalimu," dereva mmoja akauliza, "hawa Wazungu waliishiwa maneno?"

Tulicheka. Nikawaagiza kila mmoja aje na sentensi yake.

Jumatano yule mama akasimama, daftari mkononi, akasoma polepole kama anayepita kwenye utelezi: "I missed my husband at the station."

Niliielewa vibaya tangu mwanzo. Niliamini alitaka kusema anamkumbuka marehemu mumewe, akachanganya nyakati, kisha akapachika stesheni kwa sababu ndilo neno alilolijua. Badala ya kumuuliza, nikatafuta kicheko.

"Ulimkosa stesheni? Kwani ulimrushia jiwe, mama?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye naye akatabasamu kidogo, akaniletea daftari. Nikaikata sentensi kwa wino mwekundu na chini yake nikaandika "I miss my husband", kwa mwandiko wangu mzuri. Akasema asante, akarudi kukaa.

Jumatatu hakuja, wala Jumatano iliyofuata.

Habari nilizipata kwa mpiga chapa wa ofisini kwake, aliyekuwa mwanafunzi wangu pia. Alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, ulijua mume wake alikufaje?"

"Sijui."

Akanieleza. Mume alikuwa mgonjwa sana, na ndugu zake walikuwa wanampeleka Dar es Salaam kwa treni, hospitali. Mama aliomba ruhusa akamuage. Bosi akamwambia asubiri kikao kiishe, aondoe vikombe kwanza. Alipotoka alikimbia hadi stesheni, akakuta watu wanatawanyika na treni imeshaondoka. Mume alirudishwa akiwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo sentensi ile ilikuwa sahihi, kila neno. Alikuwa ameyaandika maisha yake kwa lugha ya tatu bila kosa, nami nikayakata.

Ningekwenda siku ile ile. Lakini nilimwogopa. Nilijiambia nasubiri mitihani ipite, kisha nikajiambia labda atarudi mwenyewe. Zikapita wiki tatu. Jumapili moja nikachukua baiskeli nikaenda Mkonze, alikokuwa amepanga.

Nilimkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu." Akanitolea kigoda, akaendelea kupepeta.

"Nimekuja kwa ajili ya ile sentensi yako," nikasema. "Ya stesheni. Ilikuwa sahihi."

Ungo ukasimama. "Sahihi?"

"Sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyekosea. Na kile kicheko, mama, naomba unisamehe."

"Kucheka si kitu," akasema. "Ofisini nachekwa kila siku. Mimi sikukaa na hasira." Akautazama ungo. "Ile sentensi niliifanya siku mbili. Nikaona kama hata hiyo niliyoiwaza hivyo si sahihi, basi akili yangu imekataa. Nikaacha. Kumbe nilipata?"

"Ulipata."

"Ungeniambia ningekuja."

Njia nzima nilikuwa nimejitayarisha kwa lawama. Kwa maneno hayo sikuwa tayari. Nikamwomba arudi Jumatatu, hata nikamwahidi kumfundisha peke yake. Akatikisa kichwa. Majina ya wanaopunguzwa yalikuwa yametoka Ijumaa na lake lilikuwamo. Angeondoka mwisho wa mwezi kwenda Busi kulima na dada yake.

Sijui kama Kiingereza kingemsaidia. Yule mpiga chapa alikijua vizuri, naye alipunguzwa. Ila najua mama yule aliacha darasa akijihesabu mtu asiyefundishika, na kwamba kwa wiki tatu nilikuwa na neno la kumtoa katika fikra hiyo, nikakaa nalo.

Alinisindikiza hadi barabarani, akanifungia karanga kwenye karatasi. Tuliongea juu ya mvua, kwamba mwaka ule zilikatika mapema. Tulipoagana akasema, "Wasalimie wenzangu darasani. Waambie wasome."

Jumatatu niliingia darasani, wakasimama, nikawaambia wakae. Salamu zake sikuzitoa. Ningezitoa wangeuliza nilimwona wapi, na nilifuata nini kwake.