Fundi Tiruwerk na Majina Elfu Kumi na Moja ya Sista Asnakech

Saa nne kasorobo asubuhi, ghorofa ya nne, mtaa wa Gerji, Addis Ababa. Tiruwerk Gashaw amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, tochi ameiuma kwa meno. Anachomoa kipande chembamba chenye urefu wa kiganja, anakigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha, kisha anaitoa tochi mdomoni.

"Gashe, hiki umekifanya nini?"

"Nilikipiga tupa," anajibu mwenye nyumba, Gashe Lemma, yaani mzee Lemma, dereva mstaafu wa malori.

"Tupa?"

"Kidogo tu. Kilikataa kuingia."

Tiruwerk anafumba macho. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na kwa miaka tisa sasa anapanda ngazi za maghorofa haya akiwa na begi la bisibisi, kutengeneza kompyuta za majumbani. Kazi inayomtafuta zaidi ni hii ya kuongeza kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu, ili mashine kongwe isikokote miguu.

"Kwa mkono unaojua ni kazi ya dakika kumi," anasema. "Lakini hawaniiti kabla. Wananiita baada ya shemeji, baada ya jirani, baada ya tupa."

Kipande alichonunua Gashe Lemma huko sokoni Merkato ni cha mashine za kizazi kipya. Pengo lake haliko mahali linapotakiwa. Muuzaji alimwambia kitaingia tu, naye akahakikisha kimeingia. Alipowasha, mashine ililia mara tatu, skrini ikabaki nyeusi, pakatoka harufu ya kuungua.

Hilo lilitokea Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na tangu siku hiyo mkewe hajamsemesha.

Mkewe, Sista Asnakech Worku, amesimama mlangoni akiwa amejifunga netela yake, shuka jeupe la pamba, begani. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Madaftari yake ya uzazi yalipoanza kuoza kwa maji ya paa la kliniki, aliyabeba nyumbani akaanza kuyachapa, kidole kimoja kimoja, kwa miaka minne. Watoto elfu kumi na moja na ushee: siku ya kuzaliwa, jina la mama, uzito. Madaftari yenyewe sasa hayasomeki.

"Watu wanakuja hapa," anasema. "Mmoja anataka pasipoti, mwingine pensheni. Hawana karatasi yoyote. Wana mimi."

Tiruwerk anakibana kile kipande kingine, cha zamani kilichokuwamo tangu awali, na kukichomoa.

"Usikiguse!" Sista anapaza sauti. "Majina yangu yamo humo!"

Gashe Lemma anatazama chini.

"Ni nani aliyekuambia yamo humu, Sista?"

"Si ndiyo kumbukumbu? Huyu mzee kachukua tupa, kaisaga kumbukumbu. Kawasaga watoto wangu wote!"

Hapo ndipo Tiruwerk anapoketi kabisa sakafuni. Anasema maneno haya amekwisha kuyaeleza mpaka ulimi umeota sugu.

"Sikiliza, mama yangu. Hii ni meza ya jikoni. Unapokatia vitunguu. Ukimaliza kupika unaifuta, haina kitu. Chakula chako kimo kabatini, lile boksi la chuma pale chini. Gashe ameharibu meza. Kabati hakuligusa."

"Una hakika?"

"Kama hakulipiga tupa."

"Sikulipiga!" Gashe Lemma anadakia.

Sista anamwangalia mumewe kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, lakini bado hasemi naye.

Tiruwerk alisomea ukarani, enzi za taipureta. Kompyuta zilipoingia ofisini mwao, fundi alikuwa akiitwa leo anakuja baada ya wiki mbili, kwa hiyo akaanza kuifungua ya kwake mwenyewe. Ofisi ilipofungwa, bisibisi ndiyo iliyombakia. Kwa kila nyumba anatoza birr mia nne, na mara nyingi mlango ukifunguliwa, mtu huchungulia nyuma yake na kuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi nasema yuko ngazini anapumua, halafu naingia."

Nafasi ya pili ya kuchomekea imeungua, haifai tena. Imebaki moja, na ubao huu mkongwe haukubali zaidi ya gigabaiti nne kwa kila nafasi. Tiruwerk anagusa bati la mashine kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini, anachomeka kipande cha gigabaiti nne kutoka begini mwake mahali pa kile cha zamani cha mbili, anabonyeza mpaka vibanio viseme "ta!" pande zote mbili.

Anawasha. Mashine inalia mara tatu.

"Nilijua," anasema Gashe Lemma.

"Gashe, nakuomba. Kaa."

Anakichomoa, anayasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, anapuliza, anachomeka upya. Safari hii skrini inawaka. Picha ya kanisa la Lalibela inajitokeza nusu, na umeme unakatika jengo zima.

Tiruwerk anacheka kicheko kisicho na furaha. Kwa dakika arobaini hakuna la kufanya ila kunywa buna, kahawa ya nyumbani. Sista anaikaanga kwenye jiko la mkaa barazani, na kikombe cha mumewe anakijaza cha mwisho.

Umeme unaporudi, Sista hataki kukaa. Faili lililokuwa likichukua dakika nne kufunguka linafunguka kabla hajavaa miwani vizuri. Anaandika namba ya mstari kwa kidole kimoja: 7312.

"Mapacha," anasoma. "Mama Yeshimebet. Wa pili alitoka miguu kwanza, kimya, wa bluu. Nilimpulizia mpaka kizunguzungu kikanipata." Anatazama mstari ule kwa muda mrefu. "Wapo."

Halafu anageuka. "Lemma. Njoo uone ulichotaka kuniulia."

Gashe Lemma anasogea upesi, kama aliyeitwa kwenye karamu.

Tiruwerk hangoji. Ananakili faili lote kwenye flashi mbili. "Moja kaa nayo. Nyingine mpe jirani, asijue Gashe ni jirani yupi."

Akishuka ngazi anasema amechoka kuitwa mambo yakiwa yamekwisha haribika. Anataka kuwafundisha watu wa majengo haya kufungua mashine zao wenyewe, kila Jumamosi, bure kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ukumbi upo. Viti sitini vipo, ila ni mali ya idiri, chama chao cha kuzikana, na mwenyekiti amemwambia viti hivyo hutolewa kwa msiba tu.

Wajumbe wanakutana Jumapili. Hoja yake ameshaiandaa.

"Nitawaambia kompyuta zinakufa humu kila wiki," anasema, akihamishia begi bega la pili, "na kila mara wananiita mimi nikazike."