Diski Mbili za Baba

Baba alikuwa na studio Temeke, chumba cha uani chenye magodoro ukutani, akirekodi kaswida na maulidi. Alipochoka na kanda akanunua kompyuta ya mtumba, na kwa kuwa mimi bintiye ndiye niliyesomea mambo hayo, akaniachia. Diski moja ilikuwa inazidiwa. Sauti ilikatikakatika watu wakiimba. Nikaweka Unix, mfumo wa kuiendesha kompyuta, nikaunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja: kijipande cha sauti kinaandikwa huku, kinachofuata kule, kwa zamu. Mambo yakawa laini. Nilimwambia Baba wazi kwamba moja ikiharibika zote zimekwenda, awe ananakili kwenye kaseti. Akaitikia vizuri tu, na hakunakili.

Uzeeni alijirekodi mwenyewe kwenye diski hizo akimsimulia Mama maisha yao. Kila mara alianza kwa kumwita jina.

Alipofariki, Mama akaingia eda. Nilitaka kumsikilizisha rekodi hizo siku zile zile, akakataa. "Sasa hivi sitaweza, mwanangu. Nikitoka edani nitamsikiliza."

Arobaini ilipopita, wanaume, wakiongozwa na Baba mdogo, wakakaa barazani kugawa mirathi, sisi wanawake tukiwa ndani. Nikasikia kompyuta inafunguliwa. Diski mbili, saizi moja, kaka zangu wawili. Waliona mgawanyo umejileta wenyewe.

"Baba mdogo, msizitenganishe!" nilipiga kelele nyuma ya pazia. "Zile mbili ni kitu kimoja!"

"Tulia, binti yangu. Kila mtu atapata haki yake," alijibu kwa upole ulionikera kuliko tusi. Haki yangu ikawa kioo cha kompyuta na kiti cha Baba.

Kesho yake nikaanza kuzifuata. Kaka mkubwa, anayekaa Kipawa, alinipa ya kwake bila maneno. Wa pili alikuwa na ofisi ya kuchapa barua Kinondoni. Nilimkuta kazini, diski iko ndani ya mashine yake.

"Sista, mbona ilikuwa tupu?" akasema. "Nimeiwasha, haina hata faili moja, mashine yenyewe ikaniambia niifomati, yaani niifute ianze upya. Nikafomati, nikajaza vitu vyangu."

Haikuwa tupu; mashine yake tu haikujua kusoma nusu ya diski za Unix. Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikakaa kizingitini kwake nikalia, wateja wakinipita. Sijamsamehe mpaka leo, wala Baba mdogo, ingawa najua hawakukusudia.

Mama alipotoka edani alioga, akavaa khanga mpya, akaja kuketi kwenye kile kiti. Nilikuwa nimeikwepa siku hiyo kwa miezi. Nikamweleza kilichotokea.

"Lakini ile ya Kipawa unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi si haba. Niwekee hiyo nusu."

"Nusu hiyo haisikiki, Mama. Kila neno limekatwakatwa, vipande vingine vilikuwa kwenye ile iliyofutwa. Hakuna neno lililobaki zima."

Akaifunga khanga upya, polepole.

"Hata jina langu?"

Nikamwambia hata hilo.