Soda za Kuaga Kitale Zilivyomponza Fundi Baiskeli

"Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi," anasema Jairus Wafubwa kabla hajaulizwa. "Tena mjinga wa kuvaa tai."

Ni saa mbili asubuhi, soko la Bungoma linachangamka. Jairus, mwenye miaka hamsini na miwili, amezamisha tyubu kwenye karai la maji akitafuta inapovuja. Nyuma yake kuna mashine ya kuchomelea vyuma, ambayo mwaka huu wa 2006 nusura aiuze kwa sababu ya faini za kodi.

Tai aliivaa kwenda ofisi ya kodi Kitale. Alikuwa amesikia redioni kwamba aliyelipa kodi kupita kiasi hurudishiwa. Yeye alilipia mwaka mzima wa 2002, kisha akafunga duka lake la hapo Kitale mwezi wa sita, mamake alipolazwa hospitali ya Lugulu. Akaona anaidai serikali.

"Nikamwambia mke wangu, Mama Joy, achinje kuku kabisa," anakumbuka.

Afisa aliyempokea, Bi. Chepkemei, alisoma faili, akamtazama. "Mzee, hapa wewe ndiye unadaiwa."

Tangu afunge duka, Jairus hakuwa amepeleka taarifa yoyote ya mapato. Ofisi, ikidhani duka bado liko wazi, ilimkadiria kodi, ikapachika faini na riba. Jumla: shilingi elfu sitini na nne. Bei ya mashine yenyewe haikufika nusu ya hizo.

"Nikamwambia, lakini serikali si ilijua? Askari wa kanjo, wa baraza la mji, alikunywa soda yangu ya kuaga siku nilipofunga. Naibu wa chifu alikunywa mbili."

"Mimi sikuletewa hata moja," akajibiwa.

Akizungumzia Kitale ya wakati huo, mikono yake husahau tyubu. Wakati wa mavuno, baiskeli zilipanga foleni hadi barabarani, keria zimepinda kwa magunia ya mahindi. Saa nne Amarjit, muuza vipuri aliyempangisha chumba, alimpitishia chai ya tangawizi dirishani. "Alikuwa akisema, fundi, kunywa kwanza, spoku haina haraka. Nani ataniambia hivyo leo?"

Amarjit ndiye aliyemfaa. Alitia sahihi kwamba alipokea funguo za chumba mwaka huo wa 2002, na akatoa picha ya siku ya kuaga, tarehe ikiwa pembeni: Jairus mbele ya mlango uliofungwa, askari wa kanjo akiwa na chupa mdomoni.

Chepkemei akamweleza njia. Apeleke taarifa za miaka yote, hata kama mapato ni sufuri, kisha aandike kuomba asamehewe faini na riba, akitoa sababu.

Barua ya kwanza ya Jairus ilianza kwa kuisalimia familia ya kamishna, na kuuliza kama mvua imefika Nairobi. Mkewe, Nabwile, aliichana.

"Andika ulifunga lini na kwa nini," akamwambia. "Mvua wataiona wenyewe."

Miezi minne hakulala vizuri. Thuo, jirani yake muuza mitumba, alikuwa ameshaanza kuitajia bei ile mashine. Kisha jibu likaja: kodi ya kukadiria imefutwa, riba imefutwa, faini imepunguzwa hadi elfu sita, alipe kidogo kidogo.

Amebakisha elfu mbili. Bungoma baiskeli hazikosi, ila pikipiki zimeanza kuonekana, na Jairus anataka kuingia kwenye kazi ya milango na madirisha ya chuma. Swali ni wapi.

"Mimi ningerudi Kitale," anamwambia Nabwile, aliyemletea uji. "Hapa naanza upya. Kule nilikuwa mtu."

"Miaka minne, Baba Joy. Nani bado anakujua?"

"Ati nani? Kitale hawajanisahau, Mama Joy. Uliza yeyote."

Nabwile anampokonya kikombe kitupu.

"Aliyekukumbuka Kitale ni ofisi ya kodi peke yake."

Jairus anarudisha tyubu kwenye maji.