Kizimba cha Mbao Zenye Namba

Sungura wawili wa chinchilla waliingia kwetu kupitia ua wa nyuma, wamefungwa ndani ya kitenge, na kizimba chao hakikuja nao. Jirani yangu aliwapitisha juu ya ua mmoja baada ya mwingine, dume kwanza. Walikuwa na manyoya ya kijivu yaliyo meupe katikati ukiyapuliza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaangalia kutoka upande wangu wa ua nikiwatamani, na sasa nilikuwa nimewashika.

"Mama, ubakamate weye," alisema. "Kule ku gare batabaiba."

"Na kaje?"

"Kaje tulishaipikia bukari."

Hilo nililielewa: kizimba walikitia kuni wakapikia ugali. Wiki tatu alikuwa haendi soko, kwa hiyo hakuwa na makaa. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, na mji wetu wa Likasi ulikuwa umeanza kumwambia kila mtu mwenye babu aliyetoka mkoa wa Kasai kwamba arudi kwao. Jirani yangu alizaliwa Likasi, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi, na Kasai alikuwa hajafika hata siku moja. Watu wake walikuwa wamejaa huko gare, yaani stesheni, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua inakuja lini. Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilifikiri tu kwamba ni dume na jike, kwa hiyo watazaa.

Inanibidi niseme sasa kuhusu mume wangu, maana bila yeye habari hii haisimami. Mume wangu alikuwa mtu wa namba. Kampuni yenye kiwanda alikofanya kazi ilitupa nyumba na vitu vya ndani: vitanda viwili, meza, viti vinne, kabati la nguo. Vitu hivyo havikuwa vyetu. Kila kimoja kilikuwa na namba ya rangi nyeupe, na aliyeziandika namba hizo, katika nyumba zote za mtaa wetu, alikuwa yeye. Alipita na kopo la rangi, brashi nyembamba na daftari lenye jalada gumu. Kitu kilipovunjika kabisa, alipiga mstari mwekundu juu ya namba yake, na hapo tu ndipo uliporuhusiwa kukitupa au kukitia jikoni. Kabla ya mstari mwekundu, hata kiti chenye miguu miwili ulikitunza.

Kwa wakati ninaousimulia, mshahara ulikuwa umekatika hata tukaacha kuuzungumzia. King'ora cha kiwanda hakikulia tena asubuhi. Wenzake walibeba nyumbani walichoweza kubeba, nyaya, vigae, hata milango ya ofisi. Yeye hakuleta hata msumari. Aliendelea kupita mtaani na brashi yake kwa muda, hakuna aliyemtuma, kisha naye akachoka akaketi. Alikaa kwenye kiti namba fulani, karibu na dirisha, tangu chai mpaka giza, na chai yenyewe ilikuwa maji ya moto.

Siku jirani alipoondoka, mume wangu aliinuka. Alivaa shati la kazi, akachukua daftari, akaenda kukagua nyumba yao. Kanuni ilikuwa hivyo: mtu akihama, vitu vinakaguliwa, ufunguo unapokelewa. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kumuuliza jirani sungura wanakula nini zaidi ya majani. Nilimkuta mume wangu akiinama chini ya meza yao, anasoma namba. Mama mzazi wa jirani alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia. Alikuwa bibi mkubwa wa mwili, hawezi kukaa chini akainuka mwenyewe.

"Papa," jirani akamwambia mume wangu, "unipatie kiti kimoja tu. Cha mama. Kule bantu banakala chini."

"Kiko na numero, mama," akajibu. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa pole.

Jirani alinitazama mimi. Nilisimama mlangoni, mikono yangu bado inanuka sungura wake, nikatazama sakafu. Walimwinua bibi wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli, mtu mmoja akisukuma na mwingine akimshika mgongo. Mume wangu alifunga mlango akatia ufunguo mfukoni. Siku ya tatu mlango ulivunjwa na watu wa mtaani, na viti vyote sita vikaenda. Mume wangu alipoletewa habari alisema "Aa," akarudi kukaa.

Sungura niliwaweka chumba cha kuogea. Walikula ufagio. Walikula sabuni kipande, wakaharisha, nikawapa majani makavu nikaomba wasife. Nilijua wanahitaji kizimba, na nilijua kizimba kinavyokuwa, maana kile cha jirani nilikikariri: miguu mirefu, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili mavi yaanguke chini, upande mmoja wavu kwa ajili ya hewa, upande mwingine ubao kwa ajili ya baridi, na ndani sanduku dogo la giza kwa jike atakapozaa. Baba yangu alikuwa seremala na msumeno wake nilirithi mimi, kaka zangu hawakuutaka. Nilichokosa ni vitu vya kutengenezea.

Misumari niling'oa kwenye uzio nikainyoosha kwa jiwe, ikakubali, ingawa mingi ilibaki na tumbo. Wavu niliutoa kwenye dirisha la jikoni, kwa kuwa chakula cha kulindwa na nzi hakikuwepo. Makopo manne ya maziwa niliyaweka chini ya miguu na kuyatia oili chafu ili siafu wasipande. Kitu pekee nilichonunua kilikuwa waya wa shaba wa kufungia, na hata huo niliubadilisha kwa bakuli la unga kwa vijana waliokuwa wakichoma nyaya nyuma ya shule. Likasi ya wakati ule mtu alikosa kamba, waya wa shaba hakukosa.

Ikabaki mbao. Mtaa mzima ulikuwa umeshachoma mbao zake. Kwenye nyumba yetu mbao zilikuwa za namba tu.

Nilianza kwa kumwomba. Nilitaja kabati, kwa sababu nguo zangu nilikuwa nimeshaziuza na zake zilitosha msumari mmoja ukutani.

"Ile kabati iko na numero," akasema.

"Ninajua iko na numero. Njo weye uliandika."

"Na bakikuya kuuliza?"

"Banani, papa? Banani batakuya?"

Kampuni haikuwa tena na mtu wa kuja kuuliza. Nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imekufa ganzi, kama mguu ulioukalia. Nilimwona kichwani mwangu akiinama chini ya meza ya watu wanaofukuzwa. Halafu nilijiona mimi, mlangoni, na hapo nikaacha kuwaza. Nilikuwa na njia yangu siku zile: wazo likianza kuuma, nilikwenda kukata majani. Nilikatia njia ya Buluo, mbali, ingawa majani mazuri zaidi yalikuwa karibu na reli, kwa sababu njia ya reli ilipita stesheni.

Jumapili alipokwenda misa nililikata kabati. Nilisema nina homa. Msumeno wa baba uliingia vizuri, ubao ulikuwa mkavu na mgumu, mti wa zamani. Milango miwili ikawa kuta, mgongo ukawa paa, rafu nikazipasua fito. Nilikosea mara moja: fito nilizipanga mbali mno, mguu wa jike ukazama na kunasa, akapiga kelele ambayo sikujua sungura anaweza kuipiga. Nikazing'oa zote nikazipanga upya, kidole kimoja kati ya fito na fito. Namba ya kabati, iliyokuwa ndani ya mlango wa kushoto, ikatokea upande wa mbele, nyeupe, inatazama dirisha la mume wangu. Sikuipanga hivyo. Ubao huo ndio ulioenea pale.

Alirudi akasimama uani na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mama. Njo nini hii?"

"Ni kaje."

"Ni kabati ya kompani."

"Ilikuwa kabati, papa. Sasa ni kaje. Balapin balishaingia."

Aliwatazama sungura nyuma ya wavu, akaingia ndani akakaa. Nilitegemea anipige, na wala nisingejali, lakini hakuwa mtu wa kupiga. Siku tisa hakuniambia neno. Alikula nilichoweka, samaki mkavu wa ziwa Tshangalele nikipata, matembele matupu nisipopata, na akatazama nje. Alitazama namba yake. Mimi nililisha sungura, nikafagia mavi, nikamwona jike ameanza kujing'oa manyoya ya kifua na kuyabeba kwenye sanduku la giza, yaani amekaribia kuzaa. Nilipaswa kufurahi. Nililiona jambo hilo na kulihifadhi, kama mtu anayeweka funguo mfukoni.

Siku ya kumi nilimkuta uani amechuchumaa mbele ya kizimba na kopo dogo. Rangi nyekundu ilikuwa imeganda, alikuwa akiilainisha kwa mafuta ya taa na kijiti. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Numero inasema kabati," alinieleza bila kugeuka, "na kabati haiko. Haifai numero iseme bongo."

Ili namba isiseme uongo, akapiga mstari juu yake, mrefu, umenyooka, mkono hautetemeki. Sungura dume alikuja akanusa brashi kwenye wavu. Akalifungua daftari akatafuta ukurasa, akafuta na pale. Nilimwacha. Nilifikiri yamekwisha, tena nilifikiri kwa uchovu kwamba ameridhika kwa sababu kanuni imetimia, na kwamba nimeolewa na daftari.

Lakini aliingia ndani na kopo lake, akarudi amebeba kiti. Si kibovu. Kilikuwa kile chake cha dirishani, kizima kuliko vyote, miguu minne imara, mgongo wa kupinda. Akakigeuza juu chini kwenye udongo. Alikaa na brashi hewani kwa muda mrefu hata tone likadondoka kwenye suruali. Katika miaka yote ya kazi yake, naapa, hakuwahi kufuta kitu kizima. Mstari ulitoka umepinda.

Kwenye daftari hakuandika kitu. Aliliacha juu ya paa la kizimba.

"Tuende ku gare," akasema.

Alikibeba kichwani njia nzima, rangi ikiwa bado mbichi, na mimi nilimfuata na fungu la matembele, kwa kuwa sikuweza kusimama mbele ya jirani mikono mitupu mara ya pili. Stesheni tuliinusa kabla ya kuiona, moshi na choo. Watu walikuwa wamelala mpaka kwenye reli, chini ya maturubai na mashuka, masufuria yao yamepangwa kama mipaka ya viwanja. Hakuna aliyetutukana. Wengi hawakuinua macho. Jirani yangu nilimtambua kwa kitenge, kile cha sungura, amejifunga kiunoni. Alikuwa amepungua sana.

"Papa," akasema. "Umeleta kiti."

"Nimeleta. Cha mama."

Alikitazama kiti, akamtazama mume wangu, si kwa ubaya.

"Mama tulishamuzika. Leo siku ya tano."

Mume wangu hakukishusha. Alibaki amekishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Mimi nilimsogelea jirani. Nilimpa matembele. Aliyapokea. Nyuma yake kulikuwa na mafiga matatu na sufuria ya maji yasiyochemka, na katikati ya mafiga walikuwa wametia majani makavu na kandambili.

"Papa," akasema tena, polepole. "Miye siko na kuni."

Mume wangu alielewa kabla yangu. Alishusha kiti, akauliza kama kuna panga. Mtoto wa mtu akaleta. Alipiga magoti, akakilaza kiti, akaanza kukipasua, kwanza miguu, kisha mgongo, vipande virefu sawasawa vya kuenea chini ya sufuria. Alikuwa fundi, kumbe, na hakuniambia. Ubao wa kukalia, wenye namba na ule mstari uliopinda, aliupasua mara mbili akautia motoni mwenyewe, akapuliza mpaka rangi ikashika na kutoa moshi mweusi.

"Balapin beko?" jirani akaniuliza.

"Beko. Mwanamuke anataka kuzala."

"Usibaguse siku ya kwanza," akasema. "Ukigusa batoto, mama yabo atabakula." Akatia unga.

Mume wangu alitazama huku na huku, akitafuta pa kukaa. Palikuwa na mkeka uliokunjwa, na mbele yake udongo uliobonyea, mahali ambapo mtu mzito alikaa siku nyingi. Alikaa hapo, chini, miguu ameinyoosha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nilikaa kando yake, na tulikaa hivyo mpaka bukari ikaiva.