Waya wa Shaba na Mtoto Mgongoni

Alasiri ya mtaa wetu wa Bwiza ina kipande chake kimoja ambacho mtu hajui vizuri kama ameamka au bado amelala. Jua linakaa juu ya mabati, vumbi la mbao linasimama hewani kama limesahau kuanguka, na kelele za barabarani zinakuja kwa mbali ijapokuwa ziko hapo hapo nje ya mlango. Mimi kazi yangu yote niliifanya katika kipande hicho. Na ndimo alimokuja siku moja mzee mmoja mwanamuziki, akiwa amelibeba gitaa lake lililonyamaza kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa kwenda dispensari.

Jina lake ninalijua. Ninajua na la baba yake, na la mtaa alikozaliwa. Shule niliishia mapema, kichwa kikabaki na nafasi, nafasi ikajaa majina. Lakini hapa sitamtaja mtu. Wengine wamelala, Mungu awarehemu, na walio hai sikuwaomba ruhusa.

Marehemu mume wangu alikuwa anatengeneza magitaa ya umeme katika chumba chetu cha mbele, ambacho sisi tunakiita ateliye. Si mengi. Kuna mwaka alimaliza moja tu. Wanamuziki walikuja kutoka Uvira, wengine walipanda gari kutoka Kigoma, wote wana haraka, na yeye anawapa kiti na chai, halafu anawaonyesha mbao zilizolala juu ya boriti za dari.

"Lako ni lile pale," anasema. "Linakauka."

Zilikuwa mbao za libuyu, mti mgumu, nyekundu kama udongo wa mlimani. Kila mara alipanda ngazi, anaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anashuka. "Bado una maji." Na ubao wenyewe mimi nauona mkavu kama biskuti. Watu walimwambia, fundi, hili ni gitaa la umeme, sauti si inatoka kwenye umeme? Yeye akawajibu, "Umeme unabeba tu. Haupiki. Ukiupa kibichi, utabeba kibichi."

Shingo ya gitaa aliichonga mpaka iingie mwilini bila gundi, kisha analishika kwa shingo na kulinyanyua hivyo hivyo, mwili ukining'inia chini. Ukibaki umeshika, anatabasamu na kwenda kutafuta gundi. Ukianguka, anauokota, anauweka kando, na siku ile hakuna wa kuongea naye mpaka Magharibi. Na vile vyuma vidogo vilivyolala shingoni, ambavyo vidole vinakanyaga, aliviua makali yake kwa tupa, kisha anakuja jikoni kuniomba shela yangu ya hariri. Anaipitisha kwenye ukingo wa shingo, anapanda nayo, anashuka nayo. Uzi mmoja ukinasa, anarudi kwenye tupa.

"Si uchukue shuka?" namwambia. "Kwa nini shela yangu?"

"Shuka linavumilia. Shela yako haivumilii upuuzi, kama mwenyewe."

Nilikuwa nakasirika. Shela hiyo ninayo mpaka leo.

Mimi kazi yangu ilikuwa bobini. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kitu kidogo, sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko kwa maelfu. Hicho ndicho kinachosikia uzi ukitetemeka na kuupelekea umeme habari. Mume wangu aliweza kila kitu isipokuwa hicho. Waya ulimkatikia mikononi, akatukana, akaomba Mungu amsamehe, akatukana tena. Siku moja mimi nakaa pembeni na cherehani yangu ya mkono, nazungusha uzi kwenye kigurudumu chake kwa ajili ya gauni la mtu, yeye akanitazama kwa muda mrefu.

"We mwanamke, mkono wako una nini?"

"Una njaa. Maliza hilo tukale."

Tangu siku hiyo nikawa nasuka bobini kwenye cherehani. Sikujua kuhesabu mbali, kwa hiyo nilifuata wimbo, wimbo usio na maneno, ule wa kumlaza mtoto. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, vidole vya kushoto vinaubembeleza waya, nami naimba kwa pua mpaka bobini ijae. Na kila mara nilikuwa na mtoto mgongoni, maana miaka ile ni lini sikuwa na mtoto mgongoni? Ndiyo maana magitaa yote nayakumbuka kwa watoto. Lile la kwanza kabisa ni la kifungua mimba wangu. Lile jeusi lililokwenda Kigoma ni la yule aliyekuwa anakohoa. La huyu mzee ni la binti yangu wa tatu, mtoto mzito, mwenye usingizi mzito, aliyenidondoshea mate shingoni kazi nzima.

Sasa ateliye ni ya mjukuu wangu, binti wa huyo binti wa tatu. Alijifunza kwa babu yake akiwa bado anasoma, na mkono wake ni mzuri. Pengine, nikisema kweli, katika kupaka rangi ya verni amempita. Ana taa ya kufunga kichwani na vipimo vya chuma, na ana mtoto mchanga ambaye wakati ule alikuwa na meno mawili na hasira nyingi.

Mzee alilaza gitaa mezani. Nyuma ya mgongo wake mlango ulikuwa umejaa mwanga, sikuuona uso wake vizuri, nikaona tu mikono.

"Shemeji," akaniambia, maana yeye na mume wangu walikuwa wanaitana ndugu, "limenyamaza. Wiki iliyopita asubuhi lilisema, jioni likakataa."

Mjukuu akawasha taa yake. Aliligeuza, akaligonga, akatazama shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani mpaka kwenye mwili. Kisha, bila kuambiwa, akanyoosha mkono kwangu. Nikavua shela nikampa. Akaipitisha ukingoni, juu na chini, baada ya miaka yote ile ya jasho la watu. Haikunasa.

"Muzee, hii shingo haijapinda," akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye msikitini. "Hakuna kilichoachia. Bobini tu ndiyo imekufa. Kutu imeingia ndani."

Alikuwa na bobini mpya za kutoka nje, zimefungwa vizuri kwenye vikasha, zote sawa sawa. Akamwekea moja. Mzee akapiga. Ilikuwa sauti nzuri, mi siwezi kuikosea adabu, sauti safi kama sahani ya kabatini. Akaenda nayo kidogo, kisha katikati ya wimbo vidole vikasimama. Akaanza tena. Vikasimama pale pale.

"Inakuwa hivi," akasema polepole. "Juzi nilipiga kwenye arusi kule Musaga na gitaa la kuazima. Nikapotea. Wimbo nilioupiga kabla mama wa bibi arusi hajazaliwa, nikapotea ndani yake. Watu wakanipigia makofi ya huruma, shemeji. Makofi ya huruma ni ya baridi." Akatazama vidole vyake. "Mikono hii ilijifunza njia kwa sauti ile. Ningekuwa kijana ningeifundisha nyingine. Sasa ni ile, ama niketi."

Akanitazama mimi, si mjukuu.

"Apana," nikasema. "Macho yangu hayaoni hata punje ya mchele."

"Macho yako lini yalihusika? Ulikuwa unasuka umeyafumba."

Hilo lilikuwa kweli.

Waya wa mume wangu ulikuwa umebaki kidogo, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mjukuu aliuteremsha, akafungua cherehani, akapaka mafuta, akafunga bobini tupu kwenye gurudumu. Mzee akakaa kwenye kile kiti cha chai. Nikasema Bismillahi, nikaanza kuimba, na kabla wimbo haujapata joto, ti! Waya ukakatika. Kitu kidogo vile, lakini wote watatu tulikisikia.

Nikaanza upya. Nikaketi wima, nikabana pumzi, nikaubembeleza kama yai. Ti!

Mjukuu akaokota vipande. Akainua kopo, akalitazama ndani kwa ile taa yake.

"Unatosha moja, Nyanya. Pengine. Ukikatika tena, basi, tutamwekea ile nyingine." Kisha kwa upole akasema, "Hakuna atakayekulaumu."

Mzee alikuwa anajigonga goti kwa kidole, wimbo ule ule, na kidole kilifika mahali kikasimama.

Hapo ndipo mtoto wa mjukuu alipoanza kulia. Alilia kama mwenye duka aliyeibiwa. Mjukuu alikuwa na mikono iliyojaa mafuta ya cherehani, akaita huku na huko, hakuna mtu. Mimi nikamchukua. Mikono ya mwanamke haiulizi; nilimrusha mgongoni, nikavuta kitenge, nikakaza fundo kifuani, na mifupa yangu ikalia kama mlango wa zamani.

"Nyanya, mgongo wako! Daktari alisema nini?"

"Daktari hajawahi kumlaza mtoto mwenye mdomo huu. Nyamaza."

Nikatembea kidogo ateliye, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Hakunyamaza. Nikaketi kwenye kiti changu, nikayumba, na kwa kuwa nilikuwa nimeketi mbele ya cherehani mkono ukaenda wenyewe kwenye gurudumu. Sikusema nitajaribu. Ningesema, ningeogopa.

Waya ukaanza kukimbia.

Mtoto alikuwa wa moto katikati ya mabega yangu. Nilipoinama kidogo mbele, naye aliinama, nilipopumua, alipumua, na vidole vya kushoto vikawa vinaachia na kushika, vinaachia na kushika, bila kuniuliza. Kumbe kukaa kwangu wima ndiko kulikokuwa kunaukata. Sijawahi kuusuka nikiwa peke yangu, sikujua hata namna yake. Wimbo ukaja. Vumbi la mbao lilikuwa limesimama kwenye mwanga, jekundu, na nikaona, au niliota, sijui, nikamwona mume wangu juu ya ngazi, sikio lake kwenye ubao. Nilisikia mate shingoni yakidondoka, nikawaza, huyu binti yangu ana usingizi mzito, halafu nikakumbuka kwamba binti yangu yuko mbali, ana mvi, na huyu ni mjukuu wake.

Kilio kilikwisha bila mimi kujua kimekwisha lini.

"Nyanya," mjukuu akanong'ona, "umechoka?"

Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno. Kiuno kilikuwa kinawaka moto. Lakini nikisimama waya unalegea, ukilegea unajifunga, ukijifunga ndiyo mwisho. Nikatikisa kichwa kidogo. Kisha nikasikia joto jingine likishuka mgongoni, taratibu, mpaka kiunoni, mpaka kwenye kiti.

Mjukuu akaliona. "Yebaba! Amekukojolea!"

"Usinichekeshe," nikasema ndani ya wimbo. "Nitakata."

Mzee alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Mimi niliendelea kuimba nikiwa nimelowa, macho nimefumba, mpaka mjukuu alipoweka kidole chake juu ya mkono wangu na kusema, "Imejaa." Kopo lilikuwa tupu.

Aliichukua bobini kwa vidole viwili, akaiangalia chini ya taa. Baadaye aliniambia kwamba zile za kiwandani waya wake umelala kwa mistari, kama askari, na huu wangu umelala kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Wakati ule aliizamisha tu kwenye nta, akangoja, akaifunga ndani ya gitaa, akaunganisha, akamkabidhi mwenyewe.

Mzee alipiga uzi mmoja. Akauacha ulie mpaka mwisho.

"Si yeye," akasema.

Nilimwona mjukuu wangu akishusha macho. Mimi sikuweza kushusha kitu, nilikuwa nimekwama kwenye kiti.

Akapiga mwingine, akainamisha sikio. Kisha akaanza ule wimbo wa Musaga, taratibu sana, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba usiku umeme umekatika. Alifika pale aliposimama. Vidole vikapita. Hakujua kwamba vimepita. Alikuwa ameangalia nje, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mtu mwingine akipiga. Akaenda mpaka mwisho, na mwisho akaongeza kitu ambacho mume wangu alikipenda, kijia kidogo cha kurudi nyuma.

"Si yeye, shemeji," akasema. "Huyu ni mwembamba kidogo. Lakini ni wa nyumba moja. Njia anaijua."

"Arusi nyingine ni lini?" mjukuu akamuuliza.

"Jumamosi. Wambie waje na makofi ya moto."

Yeye na mjukuu walipiga hadithi kidogo hapo mlangoni, akafunga gitaa ndani ya sanduku lake, akaondoka katikati ya pikipiki akiwa wima. Mtoto alikuwa bado amelala mgongoni kwangu. Mjukuu alitaka kumtoa nikamkataza, si kwa mapenzi tu. Fundo la kitenge ndilo lililokuwa limenishikilia nisivunjike. Nikabaki nimeketi, nimelowa, mwanga ukihama kutoka mezani kwenda ukutani.

"Nyanya, ile bobini ya kwanza ulisema ni ya mama," akaniambia akiwa anafagia vipande vya waya. "Sasa gitaa la muzee utalikumbuka kwa jina gani?"

Nikamtajia jina la mama yake. Halafu, kwa sauti ya chini ili aliye mgongoni asiamke, nikamtajia na la mtoto.