Mwaka Umeme Ulipobadili Lugha

Umeme niliujua kwa Kifaransa. Nilipoingia chuo cha ufundi hesabu zake hazikunisumbua, na nyumbani Kamembe walishaanza kuniita injinia. Kisha ikatoka amri ya serikali kwamba masomo yote yafundishwe kwa Kiingereza. Tulikwenda likizo tukisoma kwa Kifaransa, tukarudi tukamkuta mwalimu mgeni kutoka Uganda. Kifaransa hakukijua kabisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Alipochora mchoro ubaoni niliuelewa. Alipofungua kinywa, mchoro ule ule ukanipotea.

Mama, aliyekuwa akivusha nyanya mpakani kwenda Bukavu kila asubuhi, aliniletea kamusi kuukuu ya Kiingereza kutoka sokoni kule. Niliisoma mpaka macho yakauma. Lakini kamusi haina sauti. Maneno niliyatamka nilivyoyaona, Kifaransa-Kifaransa.

Siku moja karakanani nilisimama mbele ya ubao wa nyaya, bisibisi mkononi. Mwalimu alikuwa amewasha umeme upya kupima kitu, nami sikujua. Akaniambia, "Laivu." Neno lenyewe nilikuwa nimelisoma, ila kwa mdomo wangu lilikuwa "livu", na kwenye kamusi yangu maana yake ilikuwa kuishi. Hili lake, la kuonya kwamba nyaya zina umeme, sikuwahi kulisikia. Nikadhani ananihimiza niendelee. Nikaitikia, "Yes, sir," nikaingiza bisibisi.

Nakumbuka mwanga mweupe, na harufu ya ngozi yangu mwenyewe.

Mama alinikuta hospitali, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Mutoto wangu, hakuna muntu alikuambia kuko umeme?"

"Aliniambia, Maman. Sikusikia."

"Ulikuwa mbali naye?"

"Hapana. Alikuwa hapa, karibu yangu."

Mama akaigusa bandeji. Kisha akasema, "Acha hiyo masomo. Tutauzisha nyanya. Nyanya haiombi Kiingereza."

Nililala nikielekea ukutani, nikilia kimyakimya kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli.

Nilikaa nyumbani wiki nyingi. Kidonda kilianza kukauka, na sikutaka hata kuwasha taa ya chumbani. Hapo ndipo mwalimu alipokuja kwetu, amebeba mananasi. Mama alimpa chai. Wakaketi wakitazamana, hawana lugha moja ya kuzungumza, mimi katikati. Mwalimu akaanza kusema, kwa sauti ya chini, maneno mengi mno, huku akiuangalia mkono wangu. Nilishika "sorry". Nilishika "class". Mengine yalipita kama maji.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema nirudi."

Kama ndivyo alivyosema, sijui mpaka leo. Mama alimtazama sana, kisha akamwongezea sukari kwenye chai.

Nilirudi. Mtihani wa mwaka ule nilianguka vibaya, kwa maswali ambayo kwa Kifaransa ningeyamaliza nikisinzia. Nikarudia mwaka, vidole viwili havikunjiki, nikiketi na waliokuwa nyuma yangu. Diploma niliipata hatimaye, na kazi pia. Lakini rafiki yangu wa dawati moja, aliyenishinda katika kila hesabu, alianguka pia na hakungoja kurudia. Alirudi kwao Nyakabuye kulima, na nilipokwenda kumwona aliniomba tusizungumze habari za umeme.